Nunua gurudumu kwanza: maongezi na wawindaji wapya wa kulungu, Michigan

Asalaam aleikum, Bwana asifiwe, tumsifu Yesu Kristo, na ambaye hajasikia salamu yake basi habari za jioni. Itifaki naomba tuhesabu imezingatiwa maana nikianza kutaja wazee mmoja mmoja chakula kitapoa, na mi nimeshaona sufuria za pilau zinapita kule nyuma.

Nimeombwa niongee kuhusu mkokoteni wa kumtoa kulungu porini. Najua kuna waliosoma ratiba wakacheka, bunduki imepewa mtu, leseni imepewa mtu, kuchuna ngozi kumepewa mtu, alafu huyu mzee anakuja na mkokoteni utadhani tuko Kariakoo tunasubiri mzigo wa vitunguu. Haya chekeni. Lakini kila mwaka ikifika Novemba 15, siku msimu wa bunduki unafunguliwa hapa Michigan, naona kitu kilekile: vijana wanajua kupiga, hawajui kutoka. Kulungu anaanguka, picha zinapigwa, zinaenda Bukavu zinaenda Mwanza zinaenda Eldoret, watu wanapongezana, alafu ndo mtu anainua kichwa anakumbuka gari liko maili nzima kutoka pale, katikati kuna kinamasi, saa kumi na moja jioni giza limeshaanza kuingia na yeye yuko peke yake na mnyama mwenye uzito wa mtu mzima.

Tuanze na huo uzito. Jike mkubwa wa huku ukishamtoa matumbo palepale porini anabaki kilo kama 45 mpaka 55. Dume aliyekomaa anabaki 70, wengine wanapita 80. Matumbo na damu ni kama sehemu moja ya tano ya mnyama, kwa hiyo anayekwambia anamvuta mzima mzima akatolee utumbo nyumbani anajiongezea kilo 15 au 20 za bure, na nyama inabaki na joto lake ndani, na joto ndo adui, ukishapita nyuzi 4 za selsiasi bakteria wanaanza kazi. Toa matumbo kwanza. Na tagi, ile lebo ya leseni yako, mbandike papo hapo kabla hujamsogeza, hiyo ni sheria sio ushauri, na kumripoti mtandaoni kwamba umempata una saa 72, lakini hilo kaka wa leseni ameshalisema vizuri kuliko mimi.

Sasa kuburuta. Kuburuta kunawezekana, wenyeji wa huku wameburuta miaka yote, unafunga kamba kwenye pembe au shingoni, unavuta kwa kichwa ili manyoya yalale badala ya kushika majani. Hatua mia mbili kwenye majani makavu hakuna neno. Lakini maili? Madaktari wa hospitali ya Beaumont kule Royal Oak, hapahapa Michigan, waliwafunga wanaume 25 wa umri wa kati vifaa vya kupima moyo wakawaacha waende zao kuwinda kulungu, matokeo yakachapishwa mwaka 2007. Kuna ambao mapigo yao yalipita hata yale waliyofikia walipokimbizwa kwenye mashine hospitalini, na kuburuta mnyama ilikuwa mojawapo ya kazi zilizopandisha moyo sana. Na ukifikiria sio ajabu, baridi inabana mishipa, umevaa nguo tatu, umeamka saa kumi usiku, umejaa furaha, hujala, alafu unavuta kilo 60 juu ya magogo. Wazee wenzangu wa hamsini na kitu mnaokaa kwenye usukani wa lori siku nzima, nawaangalia nyie hasa.

Kwa hiyo mkokoteni. Na neno langu ni moja, mengine yote ntakayosema ni matawi yake tu: kwenye mkokoteni unanunua magurudumu. Chuma kinachobaki ni kitanda cha kumlaza mnyama.

Dukani hawakwambii hivo. Dukani boksi limeandikwa kwa herufi kubwa uwezo wa kubeba, paundi 300, paundi 500, yaani kilo kama 135 mpaka 225, na watu wananunua kwa kufuata ile namba, yenye kubwa ndo bora. Jamani kulungu gani wa kilo 225? Mzigo wenu ni kilo 50, 60, 80. Karibu kila mkokoteni unaouzwa unaubeba huo ukiwa umesimama. Namba ile haikwambii lolote kuhusu mzizi, na porini adui yako ni mzizi.

Mimi kabla sijajua snoo, yaani theluji, ni kitu gani nilikuwa fundi baiskeli Shinyanga, na waliofika Shinyanga wanajua baiskeli pale ndo teksi, inabeba mama na mtoto na gunia, kwa hiyo gurudumu mtanisamehe ntaliongelea kirefu.

Chukua tawi nene limelala njiani, unene wake sentimita 8, wala sio gogo la kutisha. Gurudumu la inchi 20 likigonga pale na wewe unavuta kwa mlalo, nguvu ya kulipandisha inazidi kidogo tu uzito ulioko juu ya magurudumu. Gurudumu la inchi 10 likigonga tawi hilohilo linataka zaidi ya mara mbili na nusu ya uzito. Hiyo ni hesabu ya shule, nusu kipenyo na kimo cha kizuizi, kijana yeyote hapa wa sekondari anaweza kuipiga kwenye kitambaa cha mezani. Kilo 60 zimegeuka 150 na zaidi mkononi mwako. Hakuna anayevuta hizo, utakachofanya ni kunyanyua, na ukishaanza kunyanyua kila mzizi basi huna mkokoteni tena, una mzigo uliovaa viatu. Kwa hiyo kipenyo chini ya inchi 16 mi siangalii hata mara mbili, na 20 napenda zaidi. Na hata ukiwa na kubwa, usiligonge gogo uso kwa uso, lichukue kwa upande, gurudumu moja lipande kwanza lishuke alafu la pili, nguvu unayotumia kwa mara moja inapungua sana.

Sasa gurudumu kubwa likiwa jepesi maana yake lina spoku, na hapo ndo kuna mtego. Spoku ni imara ajabu ukizibebesha kutoka juu kwenda chini. Baiskeli ikikata kona inalala, sio, mwendeshaji anailaza, kwa hiyo uzito unaendelea kufuata gurudumu lilivyosimama. Mkokoteni haulali. Ukipita ubavuni mwa kilima mzigo wote unasukuma gurudumu la upande wa chini kwa pembeni, na spoku nyembamba hazikutengenezwa kusukumwa pembeni, rimu inajikunja inakuwa kama chapati iliyotupwa mezani. Haimaanishi usinunue za spoku. Inamaanisha angalia unene wa spoku, angalia kitovu kiwe kipana, maana spoku zikisimama kwa kutanuka zinazuia pembeni vizuri zaidi, alafu gonga kila spoku kwa kidole kabla ya msimu, ile inayotoa sauti ya kulegea kaza. Kama njia zako ni za kupita ubavu wa vilima muda wote chukua rimu ya bati la chuma au ya plastiki ngumu isiyo na spoku, utalipia kwa uzito lakini utafika.

Kaka wewe wa kofia ya chungwa naomba uje hapa mbele. Ndio, wewe. Shika juu ya hilo gurudumu, sukuma ndani, vuta nje. Tena. Mmesikia? Tko, tko. Huo mkokoteni ni mpya, haujaona pori, nimeutoa kwenye boksi jana. Kinachogonga ni ekseli ndani ya kitovu, kwa sababu ndani hakuna beringi, kuna kijipande cha plastiki kimezungushiwa pale. Kwenye sakafu ya hapa unatembea vizuri kabisa. Ukiuweka kilo 60 na mchanga, ile plastiki inaliwa, nafasi inazidi, gurudumu linaanza kuyumba, likiyumba linavuta upande, na wewe kila hatua unarekebisha kwa mkono mpaka mabega yanawaka. Sasa shika huu mwingine. Kimya. Huu una beringi. Bei zimepishana lakini sio sana, mtu anayeangalia rangi na boksi hawezi kujua kwa nini huu umezidi. Asante kaka, kaa.

Kabla hajakaa nimalizie ekseli. Angalia gurudumu limeshikwa wapi. Baiskeli imeshika ekseli pande zote mbili, ndo maana ekseli nyembamba vile inabeba watu wawili. Mikokoteni mingi ya bei rahisi imechukua gurudumu la baiskeli ikalichomeka kwenye kijiti kimetokeza upande mmoja. Hicho kijiti kikiwa chembamba kinapinda, na kikipinda magurudumu yanakaa miguu nje. Unataka ama ekseli moja nene inayopita kutoka gurudumu hadi gurudumu, ama gurudumu lililoshikwa kulia na kushoto. Na ile pini inayozuia gurudumu lisichomoke, nunua za ziada nne, ni senti tu, funga kwa waya kwenye fremu yenyewe sio kwenye mkoba, kwa sababu inapochomoka inachomokea kwenye majani ya mwaloni ya Novemba na majani yale yote yana rangi ya pini.

Tairi. Za upepo zinalainisha njia na ukizipunguza upepo kidogo zinatanuka hazizami, ila huku kuna vichaka vya miiba, mmeviona, hawthorn ina mwiba wa sentimita kadhaa unaopita kwenye tairi utadhani sindano ya hospitali. Dawa ni kutia ile maji ya gundi ya kuziba pancha ndani ya tyubu kabla ya msimu, na kabebe kapampu kadogo. Halafu baridi inapunguza upepo yenyewe, ulichojaza gereji jana usiku sicho utakachokikuta alfajiri, usishangae. Tairi za mpira mtupu hazina shida ya mwiba lakini ni nzito na kila jiwe unalisikia kwenye viwiko. Mi natumia za upepo, na siwalazimishi.

Kinachonishinda ni wanaonunua tairi nyembamba ya baiskeli ya barabarani alafu wanaenda kaskazini. Jamani mnajua udongo wa kaskazini? Jimbo hili lina udongo wake rasmi kabisa, unaitwa Kalkaska, na ni mchanga. Ukitoka hapa Grand Rapids unaelekea Baldwin, Cadillac, msitu wa Huron-Manistee, unatembea kwenye mchanga wenye misonobari juu yake. Tairi nyembamba yenye mzigo inazama inachora mtaro, unavuta mtaro badala ya kulungu. Kule unataka tairi pana, inchi tatu, nne kama ukipata. Anayewinda mashamba ya mahindi huku kusini kwenye udongo mgumu ulioganda, hata nyembamba itamtosha. Ndo maana kabla ya kwenda dukani swali sio mkokoteni gani mzuri, swali ni kulungu unamtoa pori la namna gani. Nenda Oktoba, tembea kutoka utakapokaa kuvizia mpaka utakapopaki gari, tena tembea kwa kuangalia chini, hesabu magogo, angalia mtelemko, angalia nafasi kati ya mti na mti. Njia fupi mara nyingi sio njia ya mkokoteni, kuzunguka kwa barabara ya zamani ya wakata magogo nusu maili zaidi kunaweza kukutoa mapema kuliko kukata kinamasi.

Fremu ntapita haraka. Alumini ni nyepesi, chuma ni kizito lakini kikipinda unakinyoosha kwa jiwe na kikivunjika kila kijiji cha huku kina mtu wa weldingi. Mikokoteni mingi iko kati ya kilo 8 na 18. Inayokunjwa inaingia kwenye buti la gari dogo, hiyo ni faida kweli, ila kila kiungo cha kukunja ni bolti ya kulegea, kaza zote. Rangi haina maana. Mifuko ya kuwekea chupa ya maji haina maana.

Upana una mgogoro wake. Magurudumu yakikaa mbali mbali mkokoteni haupinduki, yakikaribiana unapita kati ya miti. Kati ya sentimita 60 na 70 nje kwa nje ndo watu wengi wanaishia. Lakini kupinduka kunategemea zaidi mnyama amelala juu kiasi gani, kuna mikokoteni kitanda chake kiko juu ya ekseli na kuna ambayo kitanda kimeshuka chini kati ya magurudumu. Kilichoshuka kinatulia sana, shida ni tumbo lake kugusa visiki. Kwa magurudumu ya inchi 20 una nafasi ya kuushusha na bado ukapita juu ya kisiki cha kawaida. Mnaona tunarudi palepale.

Kupakia. Kichwa kielekee kwako, kwenye mpini, kwa sababu uzito wa kulungu uko mbele, kifuani na mabegani. Msogeze mpaka ukishika mpini unasikia uzito mdogo tu mkononi, kilo tatu, tano. Ukisikia mpini unataka kuruka juu mzigo umerudi nyuma sana, ukisikia unabeba kilo 15 umekuja mbele sana na mgongo utakulaumu kesho kanisani. Kufanya huo uwiano kunachukua dakika mbili na watu hawaufanyi, wanafunga palipoangukia wanaondoka. Miguu ikunje ndani uifunge, pembe zifunge zisitokeze pembeni maana pembe moja ikinasa kwenye mti mkokoteni unazunguka wenyewe unakupiga goti. Mikanda chukua miwili mipana ya kukaza kwa kishikizo, ile kamba nyembamba ya mpira inayovutika wacha nyumbani, mnyama anacheza juu yake njia nzima.

Mpini uwe mrefu wa kutosha visigino visigonge mkokoteni ukitembea. Hapa dada zangu, na ninyi kaka zangu wafupi msijifiche, jaribuni mpini dukani mkiwa mmesimama wima, kuna mipini imetengenezwa kwa watu warefu wa huku, ukiushika wewe kitanda cha nyuma kinakwaruza chini. Mpini mpana wa umbo la T unaruhusu watu wawili kuvuta pamoja. Ukiweza funga mkanda kiunoni uvute kwa nyonga, mikono ibaki ya kuongoza. Na mtelemko, sikilizeni, mtelemko ndo unaumiza watu sio mlima. Mlimani unachoka tu unapumzika. Mtelemkoni kilo 80 zinakusukuma mgongoni. Geuza, mkokoteni utangulie wewe ushike nyuma, au mwenzako akae nyuma na kamba anazuia.

Kuna ya gurudumu moja pia. Wacongomani wa Goma hapa nyie ndo walimu, chukudu mnayajua, ile ya mbao magurudumu mawili yamefuatana mstari mmoja, imefungwa vipande vya tairi, inashusha viazi na mkaa kutoka milimani mpaka wakaijengea sanamu ya rangi ya dhahabu pale mjini. Akili yake ni hiyohiyo, gurudumu la mstari mmoja linapita popote mguu wa mtu unapopita, halihitaji njia ya upana wa mita. Mkokoteni wa gurudumu moja wa huku ni mzuri mno kwenye kijinjia chembamba cha kwenye mteremko, tena hausumbuliwi na ubavu wa kilima. Lakini unataka watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma wa kuushika usilale, na mtu anayewinda peke yake anunue wa magurudumu mawili tu tusidanganyane. Wilbaro ya kazi za bustani iacheni, ile gurudumu liko mbele kabisa kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo umebeba wewe kwa mikono.

Kukiwa na snoo ya kutosha habari inabadilika kabisa. Gurudumu linakusanya snoo mbele yake linakwama, na hapo ile sledi ya plastiki, beseni refu ambalo watoto wanatelezea, ila chukua nene ya wavuvi wa kwenye barafu, inashinda mkokoteni wowote. Hata kwenye majani yaliyolowa inateleza. Haipandi magogo vizuri na mtelemkoni inakukimbilia, lakini ni nyepesi, haina pini, haina pancha. Mwenye pesa awe na vyote viwili, snoo Novemba huku huwezi kuipangia.

Sheria moja ambayo wengi hawaijui na faini yake inauma. Misitu ya taifa ina sehemu zimetengwa kwa sheria ya mwaka 1964 zibaki pori tupu, mashine hakuna, na sio injini peke yake, hata usafiri wa magurudumu unaosukumwa kwa mkono. Huduma ya Misitu imetaja wazi mikokoteni ya kubebea wanyama kwamba hairuhusiwi mle. Hapa kwetu Nordhouse Dunes, kule ufukweni mwa ziwa kati ya Ludington na Manistee, ni mojawapo, na Sylvania kule juu kabisa ni nyingine. Sledi isiyo na kitu kinachozunguka haihesabiwi kwenye katazo hilo, kwa hiyo unaona tena kwa nini sledi isikose gereji. Msitu uliobaki wa Huron-Manistee mkokoteni ingia nao tu, ila angalia ramani yako mpaka uko wapi, vibao vya mpaka ni vidogo kuliko unavyofikiria.

Mambo ya usalama mawili. Mnyama akiwa kwenye mkokoteni mfunike na kitambaa cha rangi ya chungwa kali, mzungushie hata fulana mbili, kwa sababu mtu aliyekaa juu ya mti mita mia kutoka pale anachokiona kati ya vichaka ni pembe zinatembea na mkia mweupe, na yeye amekaa toka alfajiri hajaona kitu. Usijifikirie wewe umevaa koti la chungwa yatosha, wewe uko mbele umefichwa na mti. Pili, bunduki toa risasi, ibebe begani, usiilaze kwenye mkokoteni na mnyama eti mikono iwe huru.

Na asubuhi mkokoteni usiingie nao mpaka unapokaa kuvizia. Vyuma vinagongana, ekseli inalia, kulungu wa maili nzima wameshajua umefika na umetoka kabila gani. Uache garini au uufiche pembeni ya njia, ukipiga urudi kuufuata, kutembea mtupu kwenda na kurudi ni bure. Sehemu zinazogongana zungushia vipande vya tyubu ya zamani, tyubu ya baiskeli haiishi kazi.

Ukifika nyumbani uoshe, damu na matope yote yatoke, upige grisi. Kuna ule ugonjwa wa kulungu wa CWD uliogunduliwa kwa kulungu wa porini Michigan mwaka 2015 pale Meridian, karibu na Lansing, vaa glavu unapopasua na ukiwa kwenye kaunti zenye huo ugonjwa peleka kichwa kikapimwe kabla ya kula.

Bei. Madukani unaanzia kama dola 80 mpaka zaidi ya 300. Vijana mmeniuliza kuhusu kutengeneza, mi nasema tengenezeni, vigari vya watoto vya kukimbilia, vile vya magurudumu makubwa matatu, vinauzwa kwa dola chache kwenye mauzo ya uani majira ya joto, magurudumu mazuri na beringi zake, fremu unaitupa unachomelea yako. Ila ekseli yake mara nyingi ni ile ya kijiti kifupi niliyoisema, ipitishieni bomba kutoka upande hadi upande.

Na sio lazima kila nyumba iwe na wake. Mkokoteni unafanya kazi saa moja, mbili kwa mwaka, siku nyingine zote unakula nafasi ya gereji. Familia tatu, nne mnaowinda pamoja changeni mnunue mmoja wenye magurudumu ya maana badala ya minne ya plastiki, andikeni namba ya simu ya mwenye gereji juu ya fremu, na atakayevunja spoku anaweka spoku. Kuchanga tumeshazoea, tumechangia harusi na misiba ya watu hata hatuwajui.

Nje pale kwenye parking nimeweka mikokoteni mitatu, ule wa tko tko, huu wenye beringi na mmoja wa gurudumu moja nimeuazima kwa jirani, na kuna mifuko ya mchanga ya kilo 25, mtu apakie miwili, atafute uwiano, alafu avute juu ya yale magogo niliyoyalaza, kwanza uso kwa uso alafu kwa upande. Wafupi na warefu wabadilishane mpini. Taa za parking zinazimika saa mbili kwa hiyo twendeni sasa hivi, maswali mtaniulizia hukohuko, pilau mama amesema inatusubiri dakika ishirini na sio zaidi.